Kibuyu cha Kogo

Mimi na katuni hatukuwa marafiki, nikwambie ukweli. Niliona ni kelele tu, vinyama vyenye macho makubwa vinakimbizana, kimoja kinagongwa na nyundo kisha kinaamka. Kwa hivyo ile Jumapili binti yangu aliponishika mkono akasema, "Mum, leo lazima tuangalie pamoja," nilikaa kwa sababu ya mvua peke yake. Unaijua mvua ya Kericho ya saa tisa alasiri, ile ya mawe. Mabati yalipigwa mpaka huwezi kusikia mtu. Nikachukua kikombe changu cha chai nikasema moyoni, dakika kumi, halafu nalala.

Sikulala. Filamu ilikuwa ya fuko mdogo aliyevunja taa ya jirani yake, kobe mzee. Hakuna aliyemwona. Sasa huyo fuko, badala ya kwenda kusema, akaanza kuchimba. Kila siku njia mpya chini ya ardhi, ndefu kuliko ya jana, ili tu asipite mlangoni kwa kobe. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu anayeongea, ni udongo tu unaanguka na yule mdogo anahema. Mvua ikapungua bila mimi kujua. Chai yangu ikashika utando juu.

"Mum, unalia? Unalilia katuni?"

"Nyamaza uangalie," nikamwambia.

Maana njia hiyo ya fuko naijua. Yangu niliipitisha juu ya ardhi, katikati ya majani chai, huko pande za Chepseon, nikiwa na miaka minane.

Nilikuwa nakaa kwa shosho, mama yake baba. Wazee wetu walitoka Mkoa wa Kati zamani, na shosho alikuwa na kipande cha chai, shamba la viazi na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Ng'ambo ya ua wa miiba alikaa mama mzee wa Kikipsigis. Wajukuu wake walimwita Kogo, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo. Nilikuwa na nyanya wawili basi, mmoja kila upande wa ua. Kiswahili chao kilikuwa cha kuazima, kila mmoja akikivunja kwa njia yake, na walielewana kuliko watu wengi waliosoma.

Asubuhi walichuma chai kwenye ukungu, kila mtu shambani kwake, nguo ya plastiki imefungwa kiunoni, wakiitana bila kuonana. Mchana walikaa pamoja juu ya magunia kwenye kituo cha majani wakingoja lori. Bado nasikia ile harufu ya majani mabichi yakianza kupata joto ndani ya gunia, na vicheko vyao.

Jumamosi Kogo alituletea mursik, yale maziwa ya kugandishwa, ndani ya kibuyu chake kirefu chenye kifuniko cha ngozi. Wacha wee! Maziwa mazito yenye vipunje vya mkaa, na harufu ya moshi. Ukiyala na ugali wa moto, unakula mpaka kuinama hakuwezekani.

Shosho naye alikuwa na sheria moja jikoni. Chombo cha mtu kirudishwe kisafi, na kisirudi bila kitu. Yeye alikuwa anasuuza kile kibuyu kwa maji tu, halafu anakirudisha pamoja na kiondo cha viazi. Jumamosi moja alikuwa amekwenda mkutano wa akina mama kanisani, nami nikaamua nimfurahishe. Nikachungulia ndani ya kibuyu. Mungu wangu, kumbe kulikuwa kweusi ti! Nikamwonea Kogo aibu. Nikachukua sabuni ya kufulia na waya wa kusugulia sufuria, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikasugua mpaka saa sita. Maji yalivyokuwa yakitoka meusi, ndivyo nilivyozidi kufurahi. Nikakiacha mlangoni kwa Kogo na viazi vyake, kinang'aa.

Wewe unayejua hapo umeshashika kichwa. Ule weusi haukuwa uchafu. Ni mkaa wa kijiti cha senetwet, unachomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu siku baada ya siku, miaka na miaka, na ndio unaoyapa maziwa ladha. Na kibuyu chenyewe Kogo alipewa na mama yake siku ya kuolewa.

Jumatatu alikuja amekibeba kwa mikono miwili, kama mtoto mgonjwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani ameosha hii?"

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikajibana ukutani. Shosho akatazama ndani ya kibuyu, akatazama ule mlango, akasema, "Ni mimi. Unisamehe, sikujua."

"Haya," Kogo akasema, akaenda.

Shosho hakunichapa. Hakulitaja jambo lile hata siku moja, na afadhali angenichapa. Jumamosi iliyofuata mursik haikuja. Iliyofuata pia. Nikaamini nimeua urafiki wao, na kwamba shosho amebeba kosa langu. Kuanzia hapo nikaacha njia ya kupita kwa Kogo. Nilizunguka kwenye chai, umande unanilowesha mpaka kiunoni, nikifika shuleni sare inachuruzika na mwalimu anauliza kama nimeogelea. Baada ya miezi kibuyu kilirudi, maziwa yana ladha ya sabuni kwa mbali. Shosho alikunywa mpaka tone la mwisho akasema, "Tamu sana." Nami nikaendelea kuzunguka.

Yule fuko mwisho wake alipotea njia kwa kuchimba kwingi, akatokea katikati ya jikoni ya kobe. Kobe alikuwa ameandaa vikombe viwili. Nililia kwa sauti, bila haya. Binti yangu alizima televisheni akataka aelezwe, nami nikamweleza yote.

"Na wewe ulienda kusema lini?"

"Sijaenda."

"Kwani Kogo alikufa?"

"Hapana. Ni mzee sana, lakini yuko."

"Sasa?"

Mtoto wa miaka minane, anakuuliza "sasa"!

Jumamosi tukaenda. Shosho alishafariki, boma lake limekuwa shamba la mtu mwingine, ua umeng'olewa, njia yangu ya umande haipo. Kogo alikuwa nje akiota jua, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Chamgei," nikamsalimu, nikapiga magoti, nikasema kabla sijaogopa. "Kogo, kibuyu ni mimi niliosha. Si shosho."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamtuma mkaza mwanawe ndani, kibuyu kikaja. "Weka mkono," akaniambia. Vidole vikaingia, kiganja kikakwama. Akamwita binti yangu. Mkono wake ulipita wote mpaka kiwiko, ukatoka mweusi.

"Nyanya yako alikuwa na mkono wa jembe," Kogo akasema. "Ungepita wapi hapo?"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe upite."

Miaka yote hiyo, na mlango ulikuwa wazi.

Tulipoondoka alinipa kibuyu kikiwa kimejaa. "Ukimaliza ulete," akasema, kisha akaninyooshea kidole. "Na usioshe."

Tumemaliza mursik tangu juzi. Kibuyu kiko juu ya meza yangu, cheusi ndani, nami nakipitia kila mara nakinusa. Kesho nakirudisha na kiondo cha viazi. Najua shosho angekichungulia akanigombeza kwa kutokisuuza. Natamani sana anigombeze.