Nililazwa Kitale Nikiwa Naitiri

Siku niliyolazwa hospitali Kitale, mimi nilikuwa Naitiri, kule Bungoma, nikimenya ndizi jikoni kwa mama mkwe.

Soma tena kama hujaelewa. Hata mimi sikuelewa.

Simu iliita saa nne asubuhi. Alikuwa Cherop. Tunaimba naye kwaya, na anafanya usafi katika hospitali moja pale mjini.

"Mama Joy, pole sana bana. Kumbe unaumwa na hata husemi? Nimesikia wakiita jina lako. Nikuletee uji?"

"Jina gani?"

"Si Rahab Ngige ni wewe? Na baba Joy nimemwona kwa benchi, ameshika mkoba wako."

Mkoba wangu ulikuwa hapo kando ya sufuria.

Wacha niseme ukweli. Sikufikiria ugonjwa hata dakika moja. Nilimfikiria Nandudu.

Nandudu ni jirani yetu kwa ploti tunayopanga, mtaa wa Matisi hapo Kitale. Alitoka Uganda, upande wa Mbale, miezi mitatu kabla ya siku hiyo, akapata kibarua cha kuchambua mahindi.

Mimi ni Mkikuyu, nimezaliwa kijiji kinachoitwa Kwanza, karibu na Kitale, nikaolewa na Mbukusu. Lugha ya Nandudu na ya Khisa, bwana yangu, zinakaribiana sana. Wakikutana kwa mfereji wanaongea na kucheka, mimi nimesimama hapo na mtungi wangu kama mgeni.

Kwa ploti yangu mwenyewe!

Nikaanza kumchunguza. Nilimwona akitapika nyuma ya choo. Nikamwona akinunua yale mawe ambayo wajawazito hutafuna. Bwana yake, Wakhungu, alibaki kwao na huja mwisho wa mwezi, lakini ukiwa na wivu hesabu kama hiyo huitaki.

Na kuna jambo lingine. Mimi nilitolewa kizazi miaka miwili iliyopita, katika hospitali hiyo hiyo. Nina wasichana wawili. Mama mkwe hajawahi kunitusi, ila kila nikienda kwake lazima aulize Joy atapata kaka lini.

Sasa mwanamke mwenye kizazi chake amelazwa kwa jina langu, na bwana yangu amemshikia mkoba.

Niliacha ndizi hapo hapo. Mpaka nafika Kitale, nilikuwa nimeshapanga matusi kutoka la kwanza hadi la mwisho.

Nikawakuta kwenye korido. Khisa aliponiona alisimama, mkoba wa Nandudu ukaanguka. Nandudu alikuwa kwa kitanda cha magurudumu, ametundikiwa maji, midomo imepauka, jasho linamtoka. Daktari mmoja kijana, Kipkemei, alikuwa anasoma faili.

"Rahab, naona ni vidonda vya tumbo. Vumilia kidogo, dawa itashika."

"Rahab ni mimi!" nilipiga kelele. "Huyo ni Nandudu, na hiyo mimba ni ya bwana yangu!"

Korido nzima iligeuka kututazama. Mpaka mtoto aliyekuwa analia aligeuka.

Kipkemei hakuuliza habari ya bwana. "Umesema mimba?"

"Mimba! Muulize!"

"Lakini hapa imeandikwa alitolewa kizazi."

"Ni changu hicho! Mimi ndiye sina kizazi!"

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Kitu ambacho hata dadangu sikuwahi kumwambia. Nikaanza kulia kwa hasira na aibu.

Kipkemei alimbonyeza Nandudu tumbo. Nandudu akalia kwa sauti ambayo hata mimi, na roho yangu ile mbaya, ilinichoma.

"Mimba imetunga nje ya kizazi na naona imepasuka," Kipkemei akamwambia nesi. "Anavuja damu ndani. Theatre, apasuliwe sasa hivi!"

Khisa akashikwa na kigugumizi. "Daktari, shida ni... hana kitambulisho. Si wa hapa."

"Nani alikuuliza kitambulisho?" nesi akamjibu akisukuma kitanda. "Dharura tunatibu kwanza! Ungesema tu hana, tungemwandika hivyo hivyo."

Wakaenda naye mbio.

Khisa alikaa chini, akashika kichwa. "Alilia ati wakijua ametoka Uganda wataita polisi. Kitambulisho chako si uliniachia nichukulie mbolea ya serikali? Nilikuwa nacho mfukoni. Nikamwambia, wewe kubali chochote watakachosema."

"Na mimba ni ya nani?"

"Rahab, aki ya Mungu!"

Nilimuuliza mara tatu. Sikumwamini hata moja. Niliamini jioni, Wakhungu alipoingia kutoka Mbale na viatu vya matope, akaambiwa mke yuko hai lakini mimba haipo. Nilivyomwona akilia, niliacha kuuliza.

Siku ya tatu nilimpelekea Nandudu uji. Alinishika mkono.

"Mama Joy, umeniokoa."

Ningenyamaza tu, jamani. Pale kanisani walikuwa wameshaanza kunisifu. Lakini nilishindwa.

"Sikukuja kukuokoa. Nilikuja kukuaibisha mbele ya watu."

"Najua. Nilikusikia."

Alinywa uji kidogo, akapumzika.

"Hata mimi nilikuwa na wivu na wewe, mama Joy. Tangu nihamie. Asubuhi hiyo waliponiita Rahab, mimi nilisikia raha. Nesi akaniuliza ile operesheni yako ilipona vizuri? Hakuna mtu wa hapa alikuwa ameniuliza kitu kama hicho. Halafu daktari akauliza, ni kweli ulitolewa kizazi? Nikajua nikisema hapana, nitarudi kuwa Nandudu. Nikasema ndio."

Huyu mwanamke alikuwa karibu kufa akiwa mimi, na mimi nilikuwa nadhani yeye ndiye mwenye kila kitu.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, kama kuna mgeni kwa ploti yenu, mwambie leo kabla hajaugua. Aende hospitali na jina lake. Amwambie daktari kila kitu. Dharura wanatibu kwanza, karatasi baadaye.

Mimi ningemwambia Nandudu hayo mapema. Lakini kwa miezi mitatu, tukichota maji mfereji mmoja, sikuwahi kumsalimia hata siku moja.