Njuga za Shangazi Driciru

Enzi zetu pale Arua, miaka ya sabini, shangazi yangu Driciru hakuwa na mashine ya kumwongoza. Alikuwa na mimi. Macho yake yaliliwa na ule ugonjwa wa inzi wa mtoni, basi akaponda vifuniko vya soda kwa jiwe, akavitunga kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli na kunifunga mguuni. Mimi chakacha-chakacha mbele, yeye nyuma. Kazi ilinifaa, maana nilikuwa msichana wa kukaa jikoni karibu na chungu cha kunde, angenipotezea wapi? Ila kwenye mchezo wa kujificha sikuwahi kushinda.

Kisha binti yake akaolewa Koboko. Baba akasema dada yake abaki, watu ni wengi, atapotea. Shangazi akajibu kwamba harusi ya mtoto wake hatasimuliwa. Baba akalegea kwa sharti moja: akipotea, safari zake zimekwisha, atakaa nyumbani kama mimi.

Tukapanda lori juu ya magunia ya unga wa mhogo, tukashuka weupe kama mizimu. Ngoma ikaanza. Ndipo tukaona ujinga wetu: wachezaji wote walikuwa wamefunga njuga miguuni! Uwanja mzima ukawa mimi. Shangazi akafuata mguu wa mtu mwingine, akazama katikati ya watu. Nilikanyaga chini kwa nguvu zote, nani angenisikia?

Tulipomwona, mabega yake yanaruka, bi harusi kamshika kiuno, wanacheka. Baba akamshika mkono.

"Dada, wewe iko napotea."

"Napotea namna gani? Siku zote mutu moja tu iko nalia kwa muguu. Leo mimi naona watu yote."

Baba akainama, akanifungua njuga, akajifunga mwenyewe, akaingia uwanjani. Alicheza vibaya, lakini shangazi alimfuata mpaka jua likazama.

Sasa macho yangu nayo yamechoka. Mjukuu wangu, ambaye juzi aligonga nguzo akitazama simu, kaniletea miwani inayosema. Inanitajia mlango, kiti, hata sufuria. Ni nzuri, sikatai. Jana nilijaribu kucheza kidogo jikoni. Ikanionya kwamba mbele kuna ukuta. Njuga za shangazi zingecheza nami.