Futi Isiyobana

Fundi cherehani wa jirani hashoni nguo kwa mkupuo mmoja. Akimaliza upindo huinuka, huegemeza mgongo kwenye fremu ya mlango, hupandisha mabega na kuyashusha, kisha hurudi kitini kama mtu aliyekumbuka jambo. Ana fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, na picha za hospitali hazionyeshi kitu. Soda ameacha, analala mapema kama kuku, na kila wiki huenda kwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, ambaye humwambia, “Pumua. Tulia. Ukijikaza ndiyo inauma.” Akimpima mteja, futi huigusa nguo kwa woga. “Nakuumiza?” huuliza. Ndiyo maana kila anachoshona hupwaya mabegani, na wateja humsihi, “Bana, dada, mimi siumwi!”

Juzi mtaalamu mwenyewe alileta kitambaa cha koti. Fundi akamzungushia futi kifuani, akaivuta mpaka bwana wa watu akaguna.

“Pumua,” akamwambia, uso mkavu. “Tulia. Ukijikaza ndiyo inauma.”

Koti hilo ndiyo nguo pekee ya mkono wake niliyoiona ikimkaa mtu sawasawa.