Buluu ya Tanki ya Papa

Wakati tulikimbia vita ya Rutshuru, pikipiki ya papa, baba yetu, tuliisukuma mpaka kambi ya Kanyaruchinya, juu esansi iliishia njiani. Papa mwenyewe hakufika. Kisha tukapanga nyumba Goma, na yaya, kaka yangu mukubwa, akasema: "Tutaitengeneza upya, kama vile ilikuaka. Rangi utachagua weye. Weye uko na macho."

Nilikubali palepale. Niliacha hata interro ya chimie, mutihani wa masomo. Kwa fundi wa rangi, nilisimama karibu yake akikwangua tanki: nyeusi ikatoka, nyekundu ikatoka, na chini kabisa ikaonekana buluu, ile papa aliinunua nayo. Nikasema, hii. Fundi akachanganya mara tatu, nikakataa mara tatu.

"Monsieur l'ingénieur," akanicheka, "hata bibi yangu hanisumbuake hivi!"

Pembeni ya tanki nilitaka musambi, ule ndege wa taji kichwani, wa mashamba ya kwetu. Nilimuchora ndani ya kaye yangu ya masomo. Fundi akakata umbo lake kwa kisu ndani ya filimu ya radio, ile picha ya hospitali, kifua cha mugonjwa fulani, mbavu zikionekana. Bafundi ba hapa ndizo banatumiaka, juu rangi hailowanishe filimu.

Ilibaki maneno ya bavette, kile kipande cha mupira kinaninginiaka nyuma ya gurudumu. Hayo hakuna mutu anachaguliaka mwengine: mwenye pikipiki analeta yake, fundi anaandika tu. Mimi nilikuwa na yangu tayari: TUTARUDI.

"Hapana," fundi akasema, "mwenyewe ameshaleta."

Akanionyesha karatasi: SOUVENIR YA GOMA.

"Mwenyewe nani?"

"Ule mukubwa aliinunua, wa mutaa wa Himbi, wa lunettes machoni. Yaya yako alimuleta tangu juma ya kwanza. Hakukuambia?"

Yaya alikuwa amekaa juu ya mupira wa gari, anakula karanga.

"Yaya, ni kweli?"

"Alipenda vile unachagua. Alisema ule mutoto aendelee."

"Ulisema ni yetu!"

"Nilisema tutaitengeneza. Hatukuitengeneza? Na masomo yako, unafikiri nani analipa?"

"Mama anajua?"

Akatema ganda la karanga. "Mama ndiye alisema nisikuambie. Ungejua, ungeharibu rangi."

Fundi hakujua aangalie wapi. Akashika ile filimu, akaniuliza pole pole: "Sasa huyu ndege, tunamuweka?"

"Weka," yaya akajibu. "Mukubwa anamupenda."

Nilitaka kusema hapana. Lakini tanki ilikuwa imekauka, inang'aa, buluu yenyewe kabisa, na fundi alikuwa ameweka filimu chini sana, ndege angekatwa miguu na goti la mwenye kuendesha. Nikaipandisha kwa mukono wangu mpaka karibu na kifuniko.

"Hapo," nikasema, nikaondoka bila kuaga yaya.

Nyumbani mama aliniuliza rangi imetoka vile gani.

"Imetoka muzuri."

Akanipakulia chakula, nyama mingi kuliko siku zote, na mimi sikuigusa.