Waya ya Kanisa

Nikipita mbele ya kisiagi chetu cha unga nisikie mota inanguruma vizuri, hasira ndiyo inatangulia. Furaha inakuja nyuma ikichechemea. Wajukuu wananiita susu, yaani nyanya, wananiambia hayo mambo yaliisha, unga si unapatikana? Yaliisha kwao. Mimi sisahau. Majina ya wote nayajua, la mtu na la babu yake, na kama siyaweki hapa ni kwa sababu bado tunazikana.

Hicho kisiagi ni cha wanawake. Tulikijenga kwa mwethya, ile kazi yetu ya Wakamba ya kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mchanga tuliubeba mgongoni kutoka mtoni, kamba kwenye paji la uso, na alama ya kamba bado ninayo. Katika mwethya majina huitwa kabla ya kazi kuanza. Mimi ndiye nilikuwa naita, maana shule niliiacha mapema lakini kichwa changu hakipotezi mtu. Nikikuita unajibu "nipo". Usipojibu, kila mtu amesikia kimya chako.

Kabla ya hapo mahindi tuliyapeleka Migwani kusaga. Stima ilipofika huku kwetu tukauza ndengu na mbuzi, tukanunua mota.

Sasa hizi waya. Kutoka kwa transfoma, lile sanduku la chuma lililokaa juu ya nguzo, zinatoka waya tatu zenye moto, na nyingine ya kurudishia. Nyumba inatosheka na moja kati ya zile tatu: taa, redio, kuchaji simu. Mota ya kisiagi ni kubwa, inakula zote tatu kwa pamoja. Ni kama sufuria juu ya mawe matatu ya jiko. Toa jiwe moja uone kama utakula.

Msimu mmoja wa mvua upepo uliangusha tawi la mgunga juu ya laini. Waya mbili zikazimika, na nusu ya kijiji ikakaa gizani hadi watu wa stima walipokuja. Ile ya tatu, inayoingia kanisani, haikuzimika hata kidogo. Jumapili pasta akasema, "Mmeona? Nyumba ya Bwana haikukosa taa." Alikuwa anatania, nilimwona akizuia kicheko. Lakini watu waliondoka na lile neno kama walivyopewa.

Basi kila mtu akataka waya ya kanisa. Kulikuwa na fundi mmoja wa hapa hapa, si wa kampuni ya stima, ana ngazi yake na koleo. Alizunguka nyumba kwa nyumba akihamisha watu, malipo kuku. Shemeji yangu alihama. Jirani zangu wa juu na wa chini wakahama. Hata mwenye karakana ya kuchomelea mageti, mtu anayekula stima kuliko nyumba kumi, naye akahama. Fundi akafika kwangu.

"Susu, nikuhamishe? Hii waya yako ni dhaifu."

"Udhaifu wake ni upi?"

"Si ilizimika?"

"Na wewe juzi malaria ilikulaza. Tukuhamishe?"

Akacheka, macho yakiwa kwa kuku wangu mweupe, yule anayetaga kila siku. Nikamwambia huyo hapana. Msifikiri kuna kitu nilijua. Nilipenda kuku wangu tu.

Haikuchukua muda. Jioni, kila mtu akiwasha vitu vyake, taa za waya ya kanisa zikawa nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Yangu iliwaka nyeupe. Shemeji akasimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, stima yetu yote umeifungia ndani?"

"Ingia utafute. Angalia na chini ya kitanda."

Tulicheka. Nakumbuka vizuri tulicheka, na ndiyo maana nakasirika.

Siku ya soko ikafika, foleni ya madebe imetoka nje ya kisiagi. Anayeendesha mota ni mjane wa kikundi chetu, mtu mwangalifu. Kule chini yule wa mageti alikuwa anachomelea, na juu ya nguzo fyuzi ya waya ya kanisa ikashindwa, ikakatika. Mota ikabaki na waya mbili. Sauti ikageuka, ikalia mmm, kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope, na mkanda ukasimama. Mjane akazima. Watu kwenye foleni wakaanza.

"Mama, washa. Stima si iko, taa inawaka hapo juu yako."

"Mota haitaki."

"Itatakaje umeizima? Washa, jua linatuchoma."

Taa ya kisiagi ilikuwa kwenye waya nyingine, ndiyo sababu iliwaka. Akawasha. Ikalia. Akazima, wakampigia kelele, akawasha tena na wakamwambia aiache ijizoeze. Moshi ukatoka. Harufu ya mota ikiungua ni kama nywele na rangi ya mlango zimechomwa pamoja, na haitoki kwenye nguo upesi.

Jioni hiyo hiyo yule fundi alipanda nguzo, akaweka kipande cha waya nene mahali pa fyuzi. Nyumba zikapata taa. Nilizisikia redio zao kila upande. Hakuna mmoja, narudia, hakuna mmoja wa wale wenye redio aliyekuja kuangalia mota. Nina rika langu ambaye hana jino hata moja, chakula chake ni uji. Tulianza kumtwangia kwa kinu, sisi wazee wa mgongo ulioinama, huku vijana wa "washa tena" wakienda na boda boda kusaga Migwani.

Wanawake tukatoa ndengu tena, mota ikapelekwa Kitui ikasukwa nyaya mpya ndani. Halafu wakaja watu wa stima wenyewe. Mkubwa wao alisimama chini ya nguzo, akainua shingo, akahesabu nyumba kwa kidole. Akaitoa ile waya nene, akaweka fyuzi ya haki.

"Nani alifunga hii? Ingechoma transfoma yenyewe."

Yule fundi akarudi nyuma ya watu.

"Mmejirundika wote upande mmoja. Nikiunganisha mota leo, kesho inaungua. Nyumba zigawanywe kwa waya tatu. Kubalianeni, Jumamosi narudi."

Jumamosi tukakutana uwanja wa kanisa. Mmoja akasema ana mgonjwa nyumbani. Mwingine akasema yeye alihama kwanza, watoke waliokuja nyuma. Mwenye mageti akasema yeye ndiye anayeleta maendeleo. Mzee wa kanisa akasema tuombe. Nikasimama. Sikuomba ruhusa.

Nikaita majina, kama siku za mwethya, kutoka nyumba ya juu hadi ya chini. Nikimwita mtu namtajia mama yake au nyanya yake, na kile alichobeba: huyu mchanga, huyu mawe, huyu alibeba maji akiwa na mimba yako wewe unayenikodolea macho. Kisha namuuliza yuko waya gani.

"Nipo, susu. Ya kanisa."

"Nipo. Ya kanisa."

Mwenye mageti alinyamaza, nikamwita mara ya pili. Watu wakaugeukia ule kimya. "Nipo," akasema, sauti kama ya mtoto. Lakini kujibu si kuhama. Niliyamaliza majina yote na hakuna aliyesema atatoka.

Ndipo nikaita kanisa.

Pasta akaangalia chini, akasimama. "Nipo, mwaitu," akasema. Huyo hajawahi kuniita mama mbele ya watu. "Kanisa lihamishwe kwanza."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi makavu. Kanisa likitoka, watabaki wameshikilia nini? Mkubwa wa stima hakuwapa nafasi ya kufikiri. Alipandisha vijana wake, wakagawanya nyumba kama alivyotaka yeye, na walipouliza kanisa limewekwa waya gani akafunga sanduku lake la vyombo, akasema, "Yenye moto."

Kisiagi kilinguruma siku hiyo hiyo. Rika langu alikunywa uji wa unga laini, akafuta mdomo, akaomba mwingine.

Na sasa wanakuja kwangu, mmoja mmoja, na sukari ya robo au majani ya chai, maana wanajua siku ile nilikaa chini ya nguzo nikiangalia juu. Wanaanzia mbali, mvua, mbuzi, magoti yangu. Halafu, "Kwani susu, kanisa siku hizi liko waya gani?"

Nawaambia macho yangu yamechoka, sioni mbali. Sukari nabaki nayo.