Trekta Lililogonga Likiwa Limezimwa

Mimi ni fundi wa mashine hapa Bukavu, na wiki iliyopita nilijiaibisha vibaya mno. Papa Murhula wa Kavumu aliniita niangalie trekta lake la zamani lililokuwa likivuja mafuta. Alikuwa ameliegesha kando ya ukuta wa jikoni. Nilipoliwasha tu, nikasikia: ko, ko, ko.

Nimewahi kuona bieli, kile chuma kinachosukuma pistoni, ikivunjika na kutoboa ubavu wa injini, ikamkata mwenzangu mguu.

"Papa, rudi nyuma!" nikapiga kelele. "Bieli iko nagonga! Itapasuka sasa hivi!"

"Lakini jana hayikugonga," akasema huku akirudi nyuma.

"Fundi ni miye ao ni weye?"

Nikanyoosha mkono, nikazima. Injini ikanyamaza. Lakini ile ko, ko, ko ikaendelea, tena kwa nguvu zaidi.

Injini iliyozimwa haigongi. Nilijua hivyo, ndiyo maana damu ilinisisimka. Nikatupa spana, nikakimbilia shamba la maharagwe huku nikifanya ishara ya msalaba, Papa Murhula nyuma yangu akimwita Bikira Maria. Nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi kwenye matope.

Kelele ile ikakoma. Nyuma ya ukuta akatokeza mke wake, mchi mkononi, vidole vya kijani kwa majani ya muhogo.

"Ba papa, munakimbia nini?" akauliza. "Miye niko natwanga sombe."