Rejista ya Kakao na Mashine Iliyorudi Nyuma

Mama prezida wa koperativi ya kakao alinikuta darasani hapa Butembo, wanafunzi wametoka, mimi nafuta ubao. Alikuwa ametoka Beni asubuhi ile katika gari lililojaa, na alikaa kwenye benchi ya mbele, miguu imemvimba, akaanza kunieleza shida yake bila haraka. Kakao ya wanachama wake hupita mikono mitatu. Kuna koperativi yenyewe kule Beni, kuna depo inayoipokea hapa Butembo, na kuna agronomu wa serikali anayethibitisha gunia fulani limetoka shamba gani. Kila mmoja ana daftari lake, na madaftari hayo hayajapatana hata msimu mmoja.

Sababu niliijua kabla hajaitaja. Vita viliwakimbiza watu kutoka mabonde kadhaa upande wa Beni, lakini miti haikukimbia. Iliendelea kuzaa, na kuna waliovuna. Magunia yalitokea sokoni kwa jina la mashamba mengine, na aliyeuliza alionyeshwa daftari lenye ukurasa uliochanwa.

"Tunataka kitabu yenye hakuna mutu ataweza kuchana," alisema. "Banasema iko mu ordinateri. Wewe unafundisha hiyo vitu."

Nilikuwa nimeisoma, sijawahi kuijenga. Ni rejista inayokaa kwa kila mshiriki, nakala kamili. Neno haliingii mpaka wengine watie sahihi, na likishaingia halitoki. Wenye kazi huiita blokcheni. Nilimwambia nitajaribu, na kwamba sharti nitayarishe kwanza mahali pa kufanyia kazi, kompyuta moja itakayojifanya tatu, ili nijenge na kuvunja bila kumwumiza mtu. Aliniuliza hiyo itachukua siku ngapi. Nilisema wiki moja.

Sikukubali kwa ajili yake tu. Baba yangu alikuwa anaishi kwangu mwaka wa tatu sasa, na shamba lake liko katika moja ya mabonde yale. Alifika Butembo na mfuko mmoja na sweta aliyopewa njiani, na tangu siku hiyo alikaa sebuleni karibu na mlango akiangalia mvua. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kuandika: siku ya kupogoa, siku ya kuvuna, siku ya kuanika. Madaftari yake yalibaki kule.

Wiki moja ilipita bila kitu. Kazi yenyewe inahitaji mafurushi makubwa ya programu yashuke kutoka kwenye mtandao, na konekisio ya Butembo inashusha kidogo, inakatika, inaanza upya. Nilifundisha asubuhi, nikarudi saa nane na vumbi la chaki kwenye mikono, nikawasha kompyuta ya mezani ambayo taasisi ninakofundisha ilinikopesha, nikanunua mega za mtandao, nikaketi. Furushi lilikaribia mwisho, umeme ukaenda. Kesho yake umeme ulikuwepo, mtandao haukuwepo. Baba aliangalia mara moja moja ule mstari unaojaa pole pole kwenye kioo, kisha akarudi kuangalia mvua.

Mwishoni mwa wiki ya pili nilipanda gari kwenda Beni na diski mfukoni, kwa sababu biro ya koperativi, ofisi yao, ina antena yake ya mtandao. Safari si ndefu kwa ramani. Kwenye bariere ya pili, kizuizi cha askari barabarani, tulishushwa wote, na askari mmoja, kijana wa mkoa wa mbali, aliipindua ile diski mkononi, akauliza kwa Kilingala.

"Oyo nini, mama?"

Nilimwambia ni kitu cha kubebea kazi ya kompyuta. Aliuliza kama ndani kuna nyimbo. Nilisema hakuna, bado ni tupu. Alinirudishia kama mtu aliyepewa chakula bila chumvi.

Beni kulikuwa na joto, nami nilikuwa nimevaa sweta ya Butembo. Biro inanuka kakao inayochacha, harufu kali kama ya siki, na nilikaa humo siku mbili nikisubiri mafurushi yashuke. Agronomu alikuja kukaa nami. Alitumwa huku kutoka mkoa wa Kwilu, mbali, mke na watoto walibaki, na mshahara wake ulikuwa unafika pale unapojisikia. Aliniuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu. Alitaka kujua kama yeye akikosea shamba, atasahihisha vipi kama hakuna kinachofutwa. Nilimwambia ataandika sahihisho chini ya kosa, na yote mawili yatabaki. Akasema hivyo ndivyo ilivyo kwa Mungu pia, lakini Mungu hawapi wengine wasome.

Siku ya tatu barabara ilifungwa, ya nne ikafunguliwa. Nilirudi na diski imejaa.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nilisakinisha, toleo moja likakataa lingine, nikatafuta toleo la zamani ambalo bahati nzuri nililibeba. Nikatengeneza vyeti. Katika kazi hii kila upande una cheti chake, kama kitambulisho, na bila hicho wengine hawaongei naye. Koperativi cheti, depo cheti, agronomu cheti. Siku ile mtandao ulikuwepo, kila kitu kilienda sawa, na jioni nililala mapema nikiwa na furaha ndogo.

Kesho yake pande zote tatu zilikataana. Zilikuwa ndani ya kompyuta moja, nimezizaa mimi, na hakuna iliyomtambua mwenzake. Cheti si halali, mashine ilisema. Nilifuta vyote nikatengeneza upya, vikakubali. Umeme ukaenda, ukarudi, vikakataa. Nilifanya hivyo nadhani mara nane. Nilibadilisha majina, nikabadilisha milango ya mawasiliano kati yao, nikaanza kila kitu kutoka mwanzo na kuandika kila hatua kwenye karatasi. Wiki ya nne. Wiki ya tano. Mama prezida alipiga simu na mimi nikaiacha ilie. Darasani nilikosea hesabu ya kawaida ubaoni, na msichana wa nyuma akanisahihisha kwa upole ambao uliniuma kuliko kama angecheka.

Uchovu ule haukuwa wa mwili. Ni uchovu wa kuambiwa hapana na kitu kisichokuchukia.

Jumamosi moja mchana, maharage ya kutoka Musienene yakichemka jikoni, baba alisogeza kiti chake karibu na meza. Hajui Kifaransa sana, na Kiingereza hajui kabisa. Lakini namba anazisoma. Alivaa miwani na kuweka kidole chini ya mstari mrefu wa maneno mekundu, mahali ambapo mimi huacha kusoma.

"Hii ni tarehe?" aliuliza.

Nikasema pengine.

"Ju ya nini mashini inasema tuko mu hii mwaka?" Kidole chake hakikutoka. "Hii mwaka mama yako alikuwa angali muzima."

Nilisoma. Mstari wa kwanza ulisema cheti si halali, na huo ndio niliokuwa nausoma wiki tatu. Wa pili ulisema kwa nini: kwamba cheti hiki bado hakijaanza, kwa sababu leo ni tarehe fulani ya miaka mingi iliyopita. Ndani ya kompyuta kuna batri ndogo ya kutunza saa umeme ukikatika. Yangu ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokwenda, mashine ilirudi kwenye mwaka ule, na mtandao ulipokuwepo ilijirekebisha kimya kimya. Vyeti nilivitengeneza leo, na kesho yake mashine ikaamka zamani na kuviona ni vya wakati ambao haujafika.

Ni kosa ambalo ningemlaumu mwanafunzi kwalo. Baba alikuwa bado anaangalia ile namba, na mimi sikuirekebisha tarehe mpaka alipoondoa kidole mwenyewe na kwenda kuangalia maharage.

Batri niliipata Jumatatu kwa fundi wa saa sokoni, kidude cha duara kama kifungo cha koti. Umeme ulikwenda mara tatu siku hiyo. Mara tatu mashine iliamka katika siku yake sahihi, na pande tatu zilitambuana. Nilikaa nikiziangalia. Halafu nikaenda kulala, saa kumi na mbili jioni, na viatu miguuni.

Tulifanya jaribio Beni, na kompyuta niliibeba garini. Mwenye depo nilisafiri naye kutoka Butembo, mtu wa makamo, Mkatoliki wa parokia yetu, mpole, anayejulikana kwa kuimba sauti ya besi katika kwaya. Njia nzima aliuliza tu kama mvua itatukuta. Katika biro tulikaa wanne kuzunguka kompyuta: yeye, mama prezida, agronomu, na mimi. Niliwaeleza kwamba hapa ni uwanja wa majaribio, kwamba tutaandika vitu kuona kama vinaingia, na mwisho nitafuta yote na kuanza upya siku ya kweli. Nilihitaji shamba la kuanzia. Nikaandika la baba yangu, kwa sababu mipaka yake naijua kwa moyo. Mama prezida alitia sahihi. Agronomu alitia sahihi. Ikabaki ya depo.

Mwenye depo aliweka mikono kwenye magoti.

"Hii nikiandika, hapana toka tena?"

Nilisema siku ya kweli haitatoka.

"Donc niseme mbele ya kuandika." Aliongea akiangalia mezani. "Ile bonde, mimi nilipokea kakao yake. Misimu mbili. Balileta na jina ya shamba ingine, lakini gunia nilijua. Kakao ya ile bonde mutu anaijua kwa harufu. Nilijua hakuna mutu anaishi kule, na nilipokea."

Nje mtu alikuwa anageuza kakao kwenye turubai kwa reki, na tulisikia kila mvuto. Nilitazamia mama prezida apandishe sauti. Hakupandisha. Alimwuliza ni misimu gani hasa, na kama anawakumbuka waliomletea. Mwenye depo alijibu yote. Agronomu alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mikoa yote ya nchi hii, kwamba vyeti vya magunia yale alivitia sahihi yeye bila kufika shambani, kwa sababu hakuna aliyeweza kufika, na biro ya juu ilitaka karatasi.

Tuliandika. Niliandika mimi, wao wakatia sahihi, mmoja mmoja, na rejista ikapokea kila kitu bila kusitasita, kama ilivyotengenezwa. Halafu mama prezida akaniuliza kama inaweza kubaki. Nilimwambia hapana. Huu ni uwanja wa majaribio, vyeti vyake ni vya majaribio, lazima nifute ili ya kweli isimame safi.

"Ukifuta," alisema mwenye depo, "nitasema tena."

Nilifuta kesho yake, hapo hapo Beni. Amri ni ya maneno mawili, na nilizunguka biro mara kadhaa kabla ya kuiandika.

Ya kweli haijasimama bado. Agronomu alipata barua ya uhamisho mwezi uliofuata, kwenda mkoa mwingine ambao pia si kwao, na aliyekuja badala yake anasema hajapewa ruhusa ya kuwa na cheti katika kitu kisichotambuliwa na biro yake. Bila yeye, sahihi ni mbili, na tulikubaliana ziwe tatu. Mama prezida anaiandikia biro hiyo barua. Nami nimetayarisha mahali pa kazi upya kwenye kompyuta ya koperativi, mara hii kwa siku mbili, nikifuata karatasi zangu.

Mwenye depo hakusubiri rejista. Jumapili moja baada ya misa alikuja nyumbani, amevaa koti la kwaya, akaomba kuongea na muzee. Nilitaka kutoka, baba akaniambia nikae. Yule mtu alisema tena yote, misimu miwili, kwa mpangilio uleule, bila kujitetea, akamwomba baba msamaha. Baba alimsikiliza huku mikono imeshika ncha za kiti. Nilimwona akitafuta hasira na kutoipata mahali alipoiweka.

"Hiyo kakao," alisema mwishoni, "ilikuwa mbegu kubwa ao kadogo?"

"Ya msimu ya kwanza kubwa, muzee. Ya pili ilikuwa kadogo."

Baba alitikisa kichwa. "Hapana kata matawi," akasema. "Banavuna tu, hapana kata matawi."

Tulikula pamoja. Mvua ilianza, na mgeni akakaa mpaka ikatulia, wakaongea habari za kwaya na za barabara. Alipoondoka baba alibaki mezani. Aliniomba daftari jipya na kalamu. Nilimpa lile la shule, lenye mistari. Aliandika tarehe ya siku hiyo juu ya ukurasa, akafikiri kwa muda mrefu, na chini yake akaandika tu kwamba mvua ilinyesha tangu saa saba.